Mume Yumo Gerezani, Ndoa Ingalipo



Wapenzi wasomaji, mama zangu na dada zangu, juma hili nilikuwa nimekusudia kuendelea na mazungumzo yetu ya mirathi. Lakini Jumanne, baada ya darsa ya Alasiri, msichana mdogo alinikabidhi bahasha iliyogandishwa gundi mara mbili, akasema, "Nimetumwa na mama," akaondoka mbio. Niliisoma barua ile usiku, nikaisoma tena baada ya Alfajiri, nikaona mirathi na ingoje. Mwenyewe ameniruhusu nimjibu hapa kwa sharti nisimtaje jina wala mtaa.

Mumewe alihukumiwa kifungo cha miaka 9, na huu ni mwaka wa tatu. Kosa lake silitaji. Mahakama imekwisha kulitaja, naye amelikiri mbele ya mkewe. Ameacha watoto wawili, binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 6. Mavyaa wa bibi huyu amemwambia kwamba mwanamke ambaye mumewe yumo jela ni kama aliye edani: asitie hina, asifukize udi, asionekane arusini. Nduguze wa kiume, kwa upande wa pili, wamemtaka adai talaka aolewe angali kijana. Naye amesimama baina ya pande hizo mbili, asubuhi akikaanga mahamri ya kuuza, jioni viazi karai, na usiku akiandika barua kama hii. Auliza mambo matatu. Je, ndoa yake ingali ndoa? Je, akishindwa kungoja, atakuwa ametenda dhambi? Na mvulana wake anayeuliza kila siku baba yuko wapi, aambiwe nini?

Nianze na lililo jepesi. Nikahi haivunjwi na kufuli. Hukumu ya mahakama imeufunga mwili wa mumeo, haikugusa akidi iliyofungwa mbele ya walii na mashahidi. Wewe ni mke wa mtu leo kama ulivyokuwa siku ile ulipotolewa ndani. Eda ni ya mwanamke aliyeachwa au aliyefiwa, na wewe hukuachwa wala hukufiwa. Kwa hivyo tia hina yako, vaa asumini nyumbani mwako, hudhuria arusi za jamaa zako kwa stara ile ile impasayo kila mke wa Kiislamu. Mavyaa wako amechanganya huzuni na sheria. Huzuni yake naielewa, maana aliyefungwa ni mwanawe wa kumzaa, na pengine akiona mkono wako una hina huona kama nyumba imekwisha msahau. Lakini hana dalili.

La pili ni zito, nami nitalijibu nikiwa na haya kidogo. Sisi watu wa mimbari tunalipenda mno neno subira. Nimelisema mara nyingi kuwaambia wanawake ambao hata sikuwauliza jana walikula nini. Subira ni ibada kubwa, hapana shaka. Ila haifai kuwa jibu la kumfukuzia mtu mlangoni.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, mke aliye tayari kwa mumewe ana haki ya nafaka yake hata mume akiwa amefungwa. Kama mume ana mali, duka, shamba, nyumba ya kupangisha au sehemu katika chombo, nafaka itoke humo. Kama hana kitu na mke akakubali kusubiri, nafaka ile yabaki kuwa deni juu ya mume, isipokuwa mke amsamehe. Na kama hana kitu na mke hawezi kusubiri, anayo ruhusa ya kwenda kwa Kadhi kuomba ndoa ifasikhiwe. Wanazuoni wa Kimaliki walikwenda mbali zaidi, wakaona kwamba hata kule kukosekana kwa mume kwa muda mrefu ni madhara yanayoweza kuwa sababu. Misri, katika sheria yake namba 25 ya mwaka 1929, iliufuata mwendo huo: mke wa mtu aliyehukumiwa miaka mitatu au zaidi aweza kwenda kwa hakimu baada ya mwaka mmoja kupita, ijapokuwa mume ameacha mali.

Nanyi mwaijua habari ya Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alipokuwa akizunguka Madina usiku akamsikia mwanamke ndani ya nyumba akiulilia upweke wa kitanda chake, mumewe akiwa vitani. Hakumgongea mlango kumwambia asubiri. Alikwenda kwa bintiye, Bibi Hafsa, akamuuliza mwanamke aweza kuvumilia muda gani bila ya mumewe. Riwaya moja yasema miezi minne, nyingine yasema sita. Naye akaweka mpaka wa muda ambao askari wake wangekaa mbali na wake zao. Khalifa wa Waislamu aliona haya kukisia jambo hilo, akaenda kumuuliza mwanamke. Wallahi hapo pana darsa kwa sisi wenye vilemba.

Basi, dada yangu, ukiona huwezi, na ukawa wachelea kuingia katika haramu, kuomba fasikhi kwa Kadhi si dhambi, wala humsaliti mtu. Mahakama za Kadhi zipo kwa kifungu cha 170 cha Katiba yetu, na mambo ya ndoa na talaka za Waislamu ni katika kazi zake. Ninalokuomba ni moja: mumeo alisikie kwako kabla hajalisikia kwa mtu mwingine. Kule ndani habari hufika, na hufika zikiwa zimetiwa chumvi.

Sasa, chini kabisa ya barua, baada ya sahihi, bibi huyu ameandika sentensi moja ndogo kama mtu aliyesita: "Lakini bado namtaka mume wangu." Sheikh mwenzangu niliyemsomea barua hii alisema kwamba yote yaliyo juu ya sentensi hiyo ni ya watu wengine, na hiyo ndiyo yake mwenyewe. Yaliyobaki nitayajenga juu yake.

Wengi wenu mwaijua njia ya Shimo la Tewa. Matatu ya Mtwapa, ushuke kabla ya daraja, kisha jua. Jina lenyewe, kwa wasiojua, ni la samaki: tewa, yule mkubwa akaaye pangoni katika miamba, ambaye wenzetu wa Unguja humwita chewa. Mimi huenda mara kwa mara kutoa darsa, na kila niendapo hukuta nje wanawake wamekaa na vikapu, wengine na watoto wachanga mgongoni, wakingoja majina yao. Wapo waliotoka Lamu usiku. Hao nao wajiona wana bahati, kwani aliyepelekewa mumewe Kamiti au Naivasha humuona mara moja kwa mwaka, nauli ikipatikana. Kisha baada ya safari yote hiyo hupata dakika chache, askari akiwa karibu. Sheria yetu ya Kenya haijampa mfungwa nafasi ya faragha na mkewe. Jambo hilo limezungumzwa na watu wengi, nami ni miongoni mwa wanaotamani litazamwe, lakini leo halipo.

Dakika hizo huendaje? Mfungwa mmoja aliniambia: "Sheikh, mke wangu akija hunieleza madeni. Yeye huondoka akiwa amepumua, mimi hurudi ndani nikalala na madeni." Mwingine, siku ile ile, alilalamika kinyume chake. Mkewe kila akija humwambia kila kitu ni kizuri, watoto wazima, kodi imelipwa, hata akatambua kwamba anadanganywa, na tangu hapo hakumuamini hata aliposema kweli. Nimewaza sana juu ya watu wawili hawa. Naona ugonjwa wao ni mmoja: wote wameondolewa katika nyumba zao. Wa kwanza hupewa habari ambayo hawezi kuifanyia kitu, wa pili hapewi habari kabisa. Hakuna aliyeulizwa, "Waonaje?"

Hilo ndilo ningekushauri ulishike. Mumeo hawezi kukuletea kibaba cha unga, lakini aweza kushauriwa. Binti yako mwakani atahamia shule gani? Yule mpangaji asiyelipa, apewe muda au atolewe? Mvulana aanze chuo cha mtaani au apelekwe kwa babu yake? Mpelekee mambo mawili matatu ya namna hii, uyasikize maoni yake, na ukiweza kuyafuata yafuate, hata kama wewe ungalipenda jingine. Mwanamume asiyeulizwa neno kwa miaka sita hutoka akiwa mgeni, na mgeni hana kazi nyumbani ila kula na kukosoa.

Na uandike barua. Ziara ni fupi na aghalabu watu hulia nusu yake. Barua hukaa. Ndani watu huzisoma mpaka karatasi hupasuka kwenye kunjo. Itapita mikononi mwa ofisa kabla ya kumfikia, basi usiandike usilotaka lisomwe, lakini habari za nyumba hazina siri: paka amezaa, mwembe umetoa maua, mtoto amefika juzuu ya pili na amekwama kwenye aya fulani. Mtoto naye atie mstari wake mmoja, japo herufi zake zimepinda.

Niwape mfano wa nafasi ya mfungwa nyumbani. Zamani kidogo nilijiwa na jamaa waliotaka kumuoza binti yao. Baba yupo jela. Ami yake alitaka asimame yeye, aoze, mambo yaishe, "kwani yule hayupo." Nikawaambia yupo. Uwalii haumtoki mtu kwa kufungwa, maadamu yu Mwislamu mwenye akili zake na aweza kufikiwa. Nikaenda mwenyewe na mashahidi wawili, baada ya kuomba ruhusa kwa ofisi ya ustawi. Yule bwana aliletwa amevaa nguo zake za milia, akasimama, akauliza kijana ni mtoto wa nani, anaswali, anafanya kazi gani, na kama binti mwenyewe ameridhia. Maswali manne, yote ya baba. Kisha akatamka wakala, akaniwakilisha nimuoze binti yake. Alilitamka jina la binti pamoja na jina lake mwenyewe kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Arusini nilisoma akidi nikasema wazi kwamba naoza kwa wakala wa babake fulani bin fulani, na ukumbi ukanyamaza kidogo. Mamake binti aliniambia baadaye kwamba kwa miaka mitano hapakuwa na mtu aliyelitaja jina la mumewe hadharani isipokuwa kwa kumsema.

Nimekuja kwenye swali la tatu, la mvulana wa miaka 6, na hapa itanibidi nijishtaki.

Yapata miaka 12 iliyopita familia moja iliniuliza swali hili hili, nami niliwajibu upesi: "Semeni yuko Uarabuni." Nani katika pwani yetu hana jamaa aliyekwenda Dubai, Maskati au Jeddah kutafuta? Ni uongo unaoingia vizuri mno katika maisha yetu. Mtoto alikuwa na miaka 7. Viatu vya Idi vilinunuliwa hapa hapa mjini vikasemwa vimetoka Dubai. Mtoto akawa anajigamba chuoni, atakuja na ndege, ataniletea baiskeli. Mwaka wa pili waligombana na mwenzake juu ya nafasi ya mkeka, na mwenzake akamwambia, "Babako hayuko Dubai, yuko Shimo." Watoto wote walikuwa wakijua. Alikuja mbele yangu hana machozi, akaniuliza, "Maalimu, wewe ulijua?" Nikasema nilijua.

Hakuacha chuo, lakini tangu siku hiyo hakusoma mbele yangu kwa sauti. Na babake alipotoka, mtoto akiwa amefika miaka 11, watu wamejaa barazani, halua na kahawa zimetengwa, alimpa baba mkono kwa adabu akamuuliza amekuja na ndege gani.

Sikupata kuusahau mkono ule. Aliyeuanza uongo ule ni mimi, tena kwa nia njema, nikidhani namhifadhi mtoto. Nilichohifadhi kilikuwa haya yetu sisi wakubwa.

Basi mwambie mwanao kweli, kwa kadiri ya kimo chake. Kwamba baba alifanya kosa, kwamba mtu mzima akikosa hulipa, kwamba mahali alipo hawezi kutoka mpaka siku zake zitimie, kwamba anampenda, na kwamba yeye mtoto hakusababisha jambo lile hata kidogo. Hili la mwisho lirudie, kwa sababu watoto hudhani ni wao. Mfundishe pia la kujibu akiulizwa na wenzake, neno fupi lisilo la uongo: "Baba yuko mbali, tunamuombea." Kisha mpeleke amuone. Zipo siku ambazo magereza huwaruhusu jamaa kukaa na watu wao kwa muda mrefu zaidi kuliko ziara ya kawaida. Ofisi ya ustawi ya gereza itakuambia ni lini. Msimulie kisa cha Nabii Yusuf, aliyekaa gerezani miaka kadhaa kwa dhuluma. Lakini usimwambie kwamba baba naye ni kama Yusuf. Yusuf hakuwa na kosa, na babake analo, tena amelikiri. Mtoto ataelewa tofauti hiyo, na itamfaa.

Yapo mengine ambayo hukuyauliza ila nayasema kwa kuwa nimeyaona. Ikiwa mumeo, au mtu kwa jina lake, atakuagiza upeleke simu, laini, tumbaku au kifurushi usichokijua kilichofichwa katika chakula, kataa. Mume hatiiwi katika maasi, na wapo wanawake walioingia lango lile wakiwa wageni wakatoka wakiwa washitakiwa, watoto wakabaki bila baba wala mama. Mlangoni utapekuliwa, una haki ya kupekuliwa na askari mwanamke, lidai hilo kwa upole. Na pesa za kumpelekea zitoke baada ya chakula cha watoto, kamwe si kabla.

La sheria ni hili. Tazama karatasi ya hukumu, au mpe mtu mwenye ujuzi aitazame, kama siku alizokaa mahabusu kabla ya hukumu zilihesabiwa. Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu 333, yataka mahakama izizingatie, na mara nyingine husahauliwa. Mahakama Kuu yaweza kuombwa ilirekebishe hilo. Pia mfungwa mwenye mwenendo mwema aweza kupunguziwa thuluthi ya kifungo chake, isipokuwa katika makosa fulani. Ikiwa kosa la mumeo si miongoni mwa hayo, miaka 9 hugeuka 6, na wewe umekwisha ingia mwaka wa tatu. Kwa mtu anayepima kama aweza kungoja au hawezi, tofauti hiyo si ndogo. Ijue hesabu yako kwanza, ndipo uamue.

Nami siwezi kulifunga hili bila kuwakumbusha wanaume, kwa kuwa najua gazeti hili husomwa na baba baada ya mama kuliweka. Kando ya gereza la wanaume lipo la wanawake. Humo wapo wengine na watoto wao wachanga, maana sheria yamruhusu mtoto kukaa na mamake mpaka atimize miaka minne. Nje ya lango lile nimeona mama wazee, dada, mashangazi. Waume nimewaona wachache sana. Wengi, nikiuliza, naambiwa amekwisha oa. Kuoa ni halali yake. Kutokwenda hata mara moja kumuona mama wa watoto wake, hilo sijui atalijibuje mbele ya Mola wake.

Dada yangu uliyeniandikia, nimekujibu kwa kadiri ya elimu yangu ndogo, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Limebaki suala la mavyaa wako. Huyo hatalisoma gazeti akabadilika, na wala haifai wewe ndiwe umsomeshe fiqhi ndani ya nyumba yake. Nitakuja mimi, Alhamisi baada ya Alasiri inshaallah, pamoja na mke wangu, kama wageni waliokuja kumjulia hali kwa habari ya mwanawe. Nina yakini kwamba ni muda mrefu hajajuliwa hali. Mazungumzo ya eda yatakuja yenyewe. Wewe siku hiyo ukaange mahamri yako kama kawaida, na kama una hina mkononi usiifiche.

Mirathi tutaiendeleza juma lijalo. Wabillahi tawfiq.